Jinsi ya Kufuatilia Pesa za Nyumba za Kaunti Hadi Seneti

Mwongozo huu ni wa mpangaji wa nyumba ya kaunti ambayo paa lake linavuja huku kodi ikilipwa kila mwezi. Ni wa jirani pia, yule anayepita kila asubuhi kando ya jengo la kaunti lililokwama kwenye nguzo. Wote wawili wana swali moja: pesa zimeenda wapi? Na wengi wetu hapa Kenya tunaliuliza pasipofaa. Tunaliuliza redioni, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, au mazishini baada ya gavana kukabidhiwa kipaza sauti. Anajibu kwa sentensi moja, watu wanapiga makofi au wanazomea, na mambo yanaishia hapo.

Swali lenye mwaka wa fedha, kiasi cha pesa na nambari ya hoja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (yaani dosari aliyoiandika kwenye ripoti yake) halijibiwi hivyo. Lina njia yake ya kisheria, na mwisho wa njia hiyo gavana huketi upande wa kuulizwa. Kazi kubwa iko kabla ya kufika huko, na sehemu yake kubwa ni kusoma.

Hatua ya 1: Jua ni mfuko wa nani

Hapa ndipo malalamiko mengi hufia. Mtu anamshambulia gavana kwa mradi wa serikali kuu, au anamfuata mbunge kwa nyumba ambazo mbunge hana usemi juu yake. Barua inarudi na mstari mmoja: "suala hili haliko chini ya mamlaka yetu." Miezi mitatu imepotea.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa sera ya nyumba, na kuzipa kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, nyumba zikiwemo. Kwa maneno ya mtaani, Nairobi inaandika sera, kaunti inajenga na kutunza. Lakini ukisimama kwenye mtaa mmoja unaweza kukuta mifuko mitatu au minne imekaribiana.

Upo mfuko wa nyumba za kaunti zenyewe. Hizi ni zile nyumba za zamani ambazo kaunti zilirithi kutoka kwa mabaraza ya miji mwaka 2013: Kaloleni, Bahati na Jericho kule Nairobi, Tudor na Changamwe kule Mombasa, na nyinginezo karibu kila mji wenye umri. Kodi yake huingia kwenye mapato ya kaunti, na ukarabati wake hutoka kwenye bajeti ya kaunti. Hili ni eneo la Seneti na bunge la kaunti moja kwa moja.

Upo mfuko wa nyumba za gharama nafuu. Huu ndio ule wa asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara wako, na mwajiri wako naye anatoa asilimia 1.5. Mahakama Kuu iliutupa ushuru huo Novemba 2023 kwa namna ulivyowekwa kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, iliyotiwa sahihi Machi 2024. Pesa hizi ni za kitaifa na husimamiwa na bodi ya kitaifa. Kila kaunti ina kamati yake chini ya sheria hiyo, na mara nyingi ardhi ni ya kaunti, lakini anayepaswa kubanwa kuhusu shilingi zenyewe ni Wizara, na mlango wako ni mbunge wako na Kamati ya Nyumba ya Bunge la Taifa.

Upo mfuko wa misaada yenye masharti, kwa mfano mradi wa kuboresha makazi duni unaojulikana kama KISIP, wenye mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara za ndani, mitaro, taa za mtaani na hati za umiliki hulipiwa humo. Pesa hizi hupitia kaunti lakini hukaguliwa kwa ripoti yake peke yake, kwa hiyo usizitafute kwenye ripoti kuu ya kaunti ukazikosa, ukadhani zimefichwa.

Mwisho, kuna ubia: kaunti inatoa ardhi, mwekezaji binafsi anatoa pesa, kama ilivyofanyika Buxton, Mombasa, ambako nyumba za zamani za baraza la mji zilibomolewa na magorofa yakajengwa mahali pake. Kwenye ubia usiulize "pesa za kaunti zimeenda wapi," kwa kuwa huenda hazikutoka kabisa. Uliza mkataba unasemaje, ardhi ilithaminiwa kwa kiasi gani, kaunti inapata nini na lini, na wapangaji wa zamani waliahidiwa nini kwa maandishi.

Njia rahisi ya kutambua mfuko ni kibao cha mradi. Usiangalie picha ya kiongozi. Angalia mstari unaotaja mteja au mwajiri. Ukiona Idara ya Serikali ya Nyumba na Ustawi wa Miji, huo ni wa kitaifa. Ukiona idara ya kaunti, endelea na mwongozo huu. Pigia picha kibao kizima, jina la mwanakandarasi, nambari ya zabuni, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Vibao vina tabia ya kung'oka mradi ukikwama.

Hatua ya 2: Ifuate shilingi kwenye vitabu vya bajeti

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mradi halali wa kaunti huacha alama mahali pengi: kwenye Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano (wa sasa ni 2023 hadi 2027), kwenye mpango wa mwaka unaopaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na kwenye makadirio ya bajeti yanayowasilishwa kufikia Aprili 30. Mradi ambao hauko popote kati ya hapo lakini umelipiwa una maswali yake tayari.

Watu wengi hushika tarakimu ya bajeti na kukimbia nayo. "Kaunti ilitenga milioni 60 za kukarabati nyumba!" Ndiyo, ilitenga. Kutenga si kutumia. Unachotafuta ni tarakimu tatu zikiwa pamoja: iliyoidhinishwa, iliyotolewa na iliyotumika. Zote tatu ziko kwenye ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambaye Katiba inampa kazi ya kuidhinisha kila pesa inayotolewa kwenye mfuko wa kaunti. Ripoti hutoka kila robo ya mwaka, kaunti zote 47, na hupatikana bure kwenye cob.go.ke. Fungua sura ya kaunti yako, shuka hadi jedwali la idara, tafuta idara iliyo na neno nyumba. Mara nyingi imeunganishwa na ardhi na mipango ya miji.

Ukizilinganisha tarakimu hizo utajua uko kwenye kisa gani. Iliyoidhinishwa ni kubwa, iliyotolewa ni ndogo? Basi kilio cha gavana kwamba Hazina Kuu imechelewesha mgao huenda kina ukweli, na kabla hujamwita mwongo angalia kama idara nyingine za kaunti hiyohiyo zilipata. Nimeona kaunti ambako pesa za maendeleo hazikutoka lakini za safari na posho zilitoka zote, na hapo kisingizio kimekwisha. Iliyotolewa na iliyotumika zinalingana, lakini jengo halionekani? Hicho ndicho kisa cha Mkaguzi Mkuu.

Pitia pia orodha ya madeni. Wakati mwingine nyumba imejengwa nusu, mwanakandarasi ameondoka kwa kuwa hajalipwa, na hoja ya kweli ni kwamba kaunti ilitia sahihi mikataba bila pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kaunti ielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo kwa muda wa kati, na ripoti hizohizo zitakuonyesha kama yako inafika.

Hatua ya 3: Isome ripoti ya Mkaguzi Mkuu kama mtu anayetafuta jina lake

Chini ya ibara ya 229 ya Katiba, Mkaguzi Mkuu anakagua hesabu na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Ripoti hupelekwa Bunge na mabunge ya kaunti, na huwekwa kwenye oagkenya.go.ke.

Jambo la kwanza: kaunti moja ina ripoti nyingi. Kuna ya serikali ya kaunti, ya bunge la kaunti, na za hazina maalumu, mathalani hazina ya mikopo ya nyumba na magari ya wawakilishi wadi na wafanyakazi. Hiyo ya mikopo ya nyumba husahauliwa na karibu kila mtu, ilhali ni pesa za umma zinazokopeshwa wachache, na hoja zake huwa wazi kabisa: nani amekopa, nani hajarejesha, nani ameondoka ofisini akiwa na deni.

Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha kihasibu. Usikate tamaa, mpangilio wake ni uleule kila mwaka. Mwanzoni kuna maoni ya mkaguzi. Yanaweza kuwa safi, yenye kasoro, mabaya, au mkaguzi akakataa kabisa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Magazeti hukomea hapo, na gavana mwenye hati safi hufanya sherehe. Wewe endelea. Baada ya sehemu ya taarifa za fedha kuna sehemu ya pili inayouliza kama pesa zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa, na ya tatu kuhusu udhibiti wa ndani na usimamizi. Kaunti inaweza kuwa na vitabu vilivyojumlishwa vizuri na bado ikawa na nyumba zilizokwama, kodi isiyokusanywa na ardhi isiyo na hatimiliki, na hayo mara nyingi yamo kwenye sehemu ya pili na ya tatu.

Tafuta ndani ya faili maneno ya Kiingereza ya nyumba, kodi, kukwama, hatimiliki na ujenzi, na jina la mtaa wako. Kila hoja ina aya yenye nambari. Itakuambia mkataba ulikuwa wa kiasi gani, kiasi gani kililipwa, na wakaguzi walipofika eneo la kazi waliona nini. Hiyo sentensi ya "mwanakandarasi hakuwepo eneo la kazi wakati wa ukaguzi" ina thamani kuliko picha zako zote, kwa sababu imeandikwa na afisa ambaye kazi yake kisheria ni kuthibitisha. Nakili nambari ya aya, ukurasa, mwaka na kiasi. Hiyo ndiyo hati yako ya kusafiria kuanzia hapa.

Ukitaka kujizoeza kwa kitu chepesi, anza na makazi rasmi ya gavana. Tume ya Mishahara, SRC, iliweka kikomo: Sh45 milioni kwa nyumba ya gavana, Sh40 milioni kwa naibu wake na Sh35 milioni kwa spika wa bunge la kaunti. Kikomo kinajulikana, mkataba una tarakimu, na ripoti ya ukaguzi itakuambia kama jengo limekamilika. Ni hesabu ya kutoa tu. Ukimaliza hapo, urejee kwenye nyumba za wapangaji.

Kama mtaa wako hautajwi popote, usichukulie kwamba hakuna tatizo. Wakaguzi hutembelea sampuli ya miradi, hawafiki kila lango. Utahitaji kupata hati zako mwenyewe.

Hatua ya 4: Omba hati kwa maandishi

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitaji kueleza kwa nini unazitaka. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu kama kazi ni kubwa. Gharama unayoweza kutozwa ni ya kunakili hati, si ya "kufungua faili."

Omba kitu chenye jina. "Naomba taarifa zote kuhusu nyumba" ni zawadi kwa afisa mvivu. Andika hivi: naomba nakala ya mkataba nambari fulani, hati za malipo yote yaliyofanywa chini yake, vyeti vya mhandisi vya kazi iliyokamilika, na rejista ya kodi ya mtaa huo kwa miaka miwili. Vyeti vya mhandisi ndivyo vinavyosema kazi imefika wapi. Vikisema asilimia 80 na wewe unaona msingi tu, umepata kisa.

Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani wa mapokezi atakuambia "acha tu hapa, tutampa bosi." Subiri muhuri. Siku zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, ambayo ndiyo sheria imeipa kazi ya kukagua ofisi zinazonyima watu habari.

Hatua ya 5: Pitia bunge la kaunti, hata kama huna imani nalo

Kibarua cha kwanza cha kuisimamia serikali ya kaunti ni cha wawakilishi wadi, si cha maseneta. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwenye bunge la kaunti. Ipeleke. Tuseme ukweli: mwakilishi wadi anayetegemea gavana kwa barabara ya wadi yake hatamkaba sana. Lakini Seneti itakuuliza ulifanya nini kabla ya kuja, na jibu la "tulijua hawatatusaidia" halitoshi. Barua yenye muhuri, na jibu baya au ukimya wa miezi miwili, ndivyo vinavyotosha.

Hatua ya 6: Ingia Seneti kwa mlango unaokufaa

Seneti inawakilisha kaunti, na ibara ya 96 inaipa jukumu la kusimamia mapato ya taifa yaliyogawiwa kaunti. Si pesa kidogo. Mgao wa mwaka wa fedha 2025/26 ni Sh415 bilioni. Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni taarifa. Seneta anasimama ukumbini na kuomba kamati, kwa mambo ya nyumba ile ya Barabara, Uchukuzi na Makazi, itoe taarifa kuhusu jambo fulani kwenye kaunti. Ni njia ya haraka na haihitaji sahihi za watu. Muandikie seneta wako ukurasa mmoja wenye maswali manne au matano yaliyo tayari kusomwa, kila swali na tarakimu yake. Wasaidizi wa maseneta hupokea rundo la barua. Ile iliyo tayari kusomwa ukumbini ndiyo husomwa.

Wa pili ni kamati za hesabu. Kamati ya Hesabu za Umma za Kaunti hushughulikia ripoti za ukaguzi wa serikali za kaunti. Kamati ya Uwekezaji wa Umma na Hazina Maalumu za Kaunti hushughulikia kampuni za maji, manispaa na zile hazina za mikopo. Hizi haziketi kwa ajili yako. Ziko na ratiba yake ya kuita magavana. Unachofanya ni kujua kaunti yako itaitwa lini, na kupeleka waraka mfupi kwa Karani wa Seneti kabla ya siku hiyo ukitaja aya ya ukaguzi na kueleza hali ilivyo mtaani leo. Ukaguzi ni wa mwaka uliopita au wa nyuma zaidi. Wewe ndiwe unayejua kama lile jengo bado liko vilevile. Ambatisha picha zenye tarehe.

Wa tatu ni ardhilhali, haki iliyoko kwenye ibara ya 119. Ni mlango mzito kidogo, lakini ukishakubaliwa, kamati inalazimika kukujibu. Utaratibu uko kwenye sheria ya mwaka 2012, na makosa ya kuandika yanatosha kuirudisha, kwa hiyo fuata haya: iandikwe kwa mkono au ichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila maneno yaliyofutwa au kuchomekwa, ielekezwe kwa Seneti, kichwa cha jambo kiwe kwenye kila karatasi, ieleze juhudi zilizofanywa na kwa nini majibu hayakuridhisha, iseme kama jambo liko mahakamani, imalizike kwa ombi lililo wazi na la heshima, na iwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za vidole. Muundo wake unakaa hivi:

ARDHILHALI KWA SENETI KUHUSU UKARABATI ULIOKWAMA WA NYUMBA ZA KAUNTI KATIKA MTAA WA ____

Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wapangaji na wakazi wa mtaa wa ____, Wadi ya ____, Kaunti ya ____, tunaieleza Seneti yafuatayo:

KWAMBA katika mwaka wa fedha ____ bunge la kaunti liliidhinisha Sh____ za kukarabati nyumba ____ katika mtaa huo;

KWAMBA aya ya ____ ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka huo inaonyesha Sh____ zililipwa ilhali kazi haikukamilika;

KWAMBA tuliiandikia idara ya nyumba ya kaunti tarehe ____ na bunge la kaunti tarehe ____, na hatukupata jibu la kuridhisha;

KWAMBA jambo hili haliko mbele ya mahakama wala chombo kingine chochote cha kikatiba au cha kisheria;

KWA HIYO tunaiomba Seneti kwa unyenyekevu ichunguze malipo hayo, imwite afisa wa uhasibu wa idara husika, na ipendekeze kazi ikamilishwe kwa tarehe maalumu.

Nanyi mtaona hakuna neno "wezi" humo ndani. Hata kama unaamini ni wezi, liache nje. Neno hilo litampa wakili wa kaunti kitu cha kujadili badala ya aya ya ukaguzi. Sahihi ziwe kwenye karatasi ya ardhilhali yenyewe, na hati nyingine zikae kwenye bahasha yake, tayari kwa siku kamati itakapozitaka. Huhitaji wakili. Karani ana siku saba za kuikagua kama imetimiza masharti. Kisha seneta anaiwasilisha au Spika anaitangaza, inakwenda kwa kamati, na Kanuni za Kudumu zinaipa kamati siku 60 za kujibu.

Kabla hujapanga foleni ya sahihi, angalia kitu kimoja: je, mmebandikiwa ilani ya kuhama? Basi Seneti itawachelewesha. Nendeni mahakamani kwanza. Sheria ya Ardhi inataka ilani ya angalau miezi mitatu hata kwa watu wanaokalia ardhi ya umma bila kibali, na Mahakama ya Upeo, katika kesi ya Mitu-Bell iliyoamuliwa Januari 2021, ilitambua kwamba watu hao nao wana haki ya makazi inayolindwa. Kumbukeni tu kwamba kesi ikishafunguliwa, mtalazimika kuitaja kwenye ardhilhali, na kamati inaweza kusita.

Hatua ya 7: Siku gavana anapoitwa

Vikao vya kamati viko wazi kwa umma isipokuwa kuwe na sababu maalumu ya kuvifunga, na vingi hurushwa moja kwa moja mtandaoni. Kamati ina uwezo wa kumwita mtu yeyote kama Mahakama Kuu inavyomwita shahidi, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000. Wapo magavana walioonja.

Gavana huja na msafara: waziri wake wa fedha, maafisa wa idara, mawakili, mafaili kwenye maboksi. Upande mwingine wameketi maafisa wa Mkaguzi Mkuu. Mwenyekiti anasoma hoja kwa nambari, gavana anajibu, kisha mwenyekiti anawageukia wakaguzi: mmeridhika? Sikiliza majibu matatu yanayojirudia karibu kila kikao.

"Hati tunazo, tumezileta leo." Hati zilipaswa kupewa wakaguzi wakati wa ukaguzi, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inafanya kuwanyima kuwa kosa. Hati inayojitokeza mwaka mmoja baadaye inafaa kuangaliwa tarehe yake kwa makini.

"Hayo ni ya mtangulizi wangu." Kwa kuwa kamati mara nyingi zinashughulikia ripoti za miaka ya nyuma, hili ni kweli mara nyingi, na halisaidii kitu. Ofisi haifi. Gavana wa sasa ndiye mwenye funguo za kabati la mafaili.

"Mradi umeshakamilika." Hapa ndipo waraka wako unapofanya kazi. Kama ulimpa mjumbe wa kamati picha ya wiki iliyopita, ataitoa.

Andika hoja yako imeishia wapi: imefungwa, au haijatatuliwa. Kama wakaguzi wamepewa muda wa kuthibitisha hati, andika tarehe.

Hatua ya 8: Fuata pendekezo baada ya ripoti kupitishwa

Katiba inataka ripoti ya ukaguzi ijadiliwe ndani ya miezi mitatu baada ya kupokelewa. Usipange maisha yako kwa tarehe hiyo, hucheleweshwa mno. Ripoti ya kamati ikishapitishwa na Seneti, ipate kwenye tovuti ya Bunge na usome mapendekezo tu, neno kwa neno. "EACC ichunguze" (EACC ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi) ni tofauti na "afisa wa uhasibu achukuliwe hatua," na zote ni tofauti na "kaunti ihakikishe." Hilo la mwisho halina meno. Kwa hayo mengine kuna ibara ya 226, inayosema afisa anayeidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria anawajibika yeye mwenyewe kwa hasara, hata baada ya kutoka ofisini.

Seneti yenyewe haikamati mtu wala hairudishi pesa. Kwa hiyo iandikie EACC, ukitaja ripoti na pendekezo, na uulize kama faili limefunguliwa. Halafu subiri taarifa za fedha za kaunti za mwaka unaofuata. Karibu na mwisho wake kuna jedwali la hoja za ukaguzi za miaka iliyotangulia: nambari ya hoja, maelezo ya uongozi, na hali yake, yaani imetatuliwa au la. Itafute yako. Ukikuta wameandika "imetatuliwa" na paa bado linavuja, piga picha siku hiyohiyo na umwandikie Mkaguzi Mkuu barua ya ukurasa mmoja, nambari ya hoja ikiwa kwenye mstari wa kwanza, na nakala umpelekee Karani wa Seneti. Ukikuta hoja imeondolewa kwenye jedwali bila maelezo, andika barua hiyohiyo, ila uulize ni nani aliyeiondoa.